Majira ya Kupanda Oti na Matumizi ya Naitrojeni: Somo la Kilimo kwa Walimu wa Lugha

Huenda mtashangaa kukuta makala ya kilimo katika jarida la idara ya Kiswahili. Sababu yake ni hii. Katika kozi yetu ya tafsiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mwenyeji wa miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, alileta kijikaratasi cha kurasa mbili kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kilihusu kilimo cha oti kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wa kijijini kwao, ambao wengi wana ng'ombe wawili watatu bandani, walikuwa wamemwomba awafasirie, kwa kuwa walikwisha kununua mbegu na mvua zilikuwa karibu. Tafsiri yake ilikuwa na sarufi safi. Upatanisho wa ngeli haukuwa na dosari, na mimi niliyeisahihisha nilimpa alama 78. Baadaye nilimwonyesha mwenzangu wa kitivo cha kilimo. Aliposoma aya tatu aliniuliza kama aliyeandika alitaka mimea ife njaa au iangukie matope.

Swali hilo lilinipeleka kwake mara kadhaa, nikiwa na daftari kama mwanafunzi. Makala haya yanaeleza niliyojifunza kuhusu mambo mawili yanayoamua mavuno ya oti kuliko mengine yaliyo mikononi mwa mkulima, yaani siku ya kupanda na naitrojeni. Nimekuja kuamini kwamba hayo ni jambo moja, na kwamba anayeyafasiri bila kujua yanavyofungamana anaweza kumharibia mkulima msimu mzima bila kukosea hata kiambishi kimoja.

Oti si shayiri

Tuanze na jina. Msomaji akitafuta jina la zao hili kwa Kiswahili mara nyingi hupewa neno shayiri. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na huko ni jina la nafaka nyingine, ile inayotengenezewa kimea cha bia, ambayo hulimwa Kapchorwa na vilevile katika nyanda za juu za Kenya. Suke la shayiri limeshikamana na lina nywele ndefu ngumu. Suke la oti limetawanyika, na punje zake hunining'inia katika vijiti vyembamba. Kwa jina la kitaalamu shayiri ni Hordeum vulgare, na oti ni Avena sativa. Wakulima wa Kenya husema oti, nasi tutafuata hivyo, katika ngeli ya I-ZI.

Mwanafunzi wetu alikuwa ameandika shayiri. Je, kuna hasara gani? Ipo, tena ya fedha. Watengenezaji wa bia hawataki shayiri yenye protini nyingi, kwa hiyo mkulima wa shayiri ya bia hushauriwa asizidishe naitrojeni. Mfugaji, kinyume chake, anaitaka hiyo protini, kwa kuwa ndiyo inayogeuka maziwa. Basi mfugaji aliyesoma shayiri akienda dukani au kwa bwana shamba kuulizia mbolea ya shayiri, atapewa ushauri wa zao lisilo lake. Aidha, oti huvumilia udongo wenye asidi kuliko shayiri na ngano, ila hutumia maji mengi zaidi yao kwa kila kilo ya mmea mkavu. Tabia hii ya kunywa maji ni muhimu sana katika suala la tarehe, na tutairudia.

(Kwa wapenzi wa kamusi: Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliifafanua oti kama nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi lakini Uskoti hulisha watu. Watunga kamusi nao wana utani wao.)

Mmea unavyokua, na majina ya hatua zake

Mshauri wa kilimo anaposema "weka mbolea wakati fulani", mara nyingi hahesabu siku za kalenda. Anataja hatua ya mmea. Kwa hiyo mfasiri lazima azijue hatua hizo, na kwa bahati nzuri Kiswahili kinayo maneno, hasa kwa wakulima wa mpunga na mahindi.

Mbegu ya oti huota kwa siku chache ardhi ikiwa na joto na unyevu. Mmea ukishakuwa na majani matatu au manne, hutoa machipukizi pembeni mwa shina la kwanza, karibu na ardhi. Hii ni hatua ya machipukizi, na kwa kawaida huja wiki tatu hadi tano baada ya kupanda, kutegemea baridi ya mahali. Kisha bua hurefuka na vifundo huonekana. Baadaye sehemu ya juu ya bua huvimba kwa kuwa suke limo ndani, nao wakulima wa mpunga husema mmea umebeba mimba. Baada ya hapo suke hutoka na kuchanua, punje hujaa maziwa, yaani ukiiminya hutoka ute mweupe, kisha hugeuka kama donge la unga, na mwisho hukauka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila hatua hukata shauri lake na haitazami nyuma. Idadi ya masuke hutegemea machipukizi mangapi yaliota na mangapi yalilishwa yakaishi. Idadi ya punje katika suke huamuliwa suke likiwa bado limefichika ndani ya bua. Uzito wa punje huamuliwa baada ya kuchanua. Mmea uliolala njaa wakati wa machipukizi hauwezi kurudi nyuma kuyaongeza ukishatoa suke, hata ukimwagiwa mifuko kumi ya mbolea.

Masika ya wapi?

Kijikaratasi kile kilishauri kupanda mapema katika majira yanayofuata baridi kali ya nchi za kaskazini. Mwanafunzi aliandika "panda mapema wakati wa masika". Kamusi na vitabu vyetu vya shule vimetuzoeza hivyo: majira manne ya Ulaya hupewa majina manne ya pwani yetu, masika, kiangazi, vuli na kipupwe, kana kwamba Mombasa na London ziko chini ya anga moja. Katika hadithi kosa hili halimuumizi mtu. Katika kilimo ni vinginevyo, kwa maana masika ni mvua, ilhali majira yale ya Ulaya ni kuongezeka kwa joto na urefu wa mchana.

Tutazame kwa nini mkulima wa kaskazini huharakisha. Katika nyika za Kanada na majimbo ya Marekani yanayopakana nazo, oti hupandwa theluji ikishayeyuka, mwishoni mwa Aprili na Mei, na kuvunwa Agosti na Septemba. Oti huchukia joto kali wakati wa kuchanua na kujaza punje, na joto likizidi baadhi ya vishikio vya punje hubaki vitupu. Aliyechelewa kupanda huchanua katikati ya joto hilo. Pili, oti nyingi huharakishwa kuchanua na mchana mrefu, hivyo iliyopandwa kwa kuchelewa hupita haraka hatua ya majani na machipukizi na kutoa suke ikiwa bado ndogo. Tatu, ugonjwa wa kutu ya majani, unaoletwa na kuvu aitwaye Puccinia coronata, huongezeka kadiri msimu unavyosonga, na shamba lililochelewa hukutwa likiwa bado bichi. Huko Minnesota wataalamu hutumia kanuni ya jumla kwamba kila siku ya kuchelewa baada ya wakati bora hupunguza mavuno ya nafaka hizi kwa takriban asilimia 1. Wiki mbili ni sehemu ya saba ya ghala.

India ya kaskazini, ambako oti hulimwa sana kwa malisho na huitwa jai, kalenda ni tofauti kabisa lakini mantiki ni ileile. Wao hupanda kati ya katikati ya Oktoba na Novemba, mvua za monsuni zikiwa zimekwisha na hewa imeanza kupoa, na hutegemea maji ya umwagiliaji. Taasisi yao ya utafiti wa nyasi na malisho iliyoanzishwa mwaka 1962 huko Jhansi imeshughulika na oti kwa miaka mingi. Anayepanda Desemba hukumbwa na joto la Machi kabla mmea haujatanuka, na hupoteza ama uzito wa malisho ama mkato wa pili.

Sasa turudi kwetu. Katika ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Hakuna baridi ya kukimbiwa wala joto la Julai la kuogopwa, na mahali panapofaa oti ni nyanda za juu zenye ubaridi wakati wote, kama zile za Nyandarua, Molo na Mau Narok nchini Kenya, ambako wafugaji huipanda kwa ajili ya ng'ombe. Mchana usiorefuka huifanya oti nyingi zilizozaliwa kaskazini zikawie kutoa suke. Kwa mtafuta nafaka hiyo ni kero, na kwa mfugaji ni faida, kwani majani huendelea kuongezeka. Je, basi mkulima wa Elgon anaweza kupanda siku yoyote?

Hawezi, na hapa nilikuwa sijui kabisa. Kinachomharakisha mkulima wetu ni maji na naitrojeni. Maji ni rahisi kuelewa: oti hunywa sana, na iliyopandwa wiki tatu baada ya mvua kuanza huishiwa na mvua wiki tatu mapema upande wa pili, wakati majani ni mengi na kiu ni kubwa. Habari ya naitrojeni inahitaji aya yake.

Zawadi ya mvua za kwanza

Katika miaka ya 1950 mtafiti aitwaye H. F. Birch alifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki. Alichunguza kinachotokea udongo uliokauka unapolowa tena. Aligundua kwamba vijidudu vya udongoni huamka kwa kishindo, huvunjavunja mabaki ya mimea kwa kasi, na katika siku chache huachilia naitrojeni nyingi iliyokuwa imefungwa humo. Kadiri udongo ulivyokauka sana na kwa muda mrefu, ndivyo kishindo hicho kinavyokuwa kikubwa. Makala yake ya mwaka 1958 yanasomwa hadi leo ulimwenguni, na jambo lenyewe huitwa athari ya Birch. Wazee wetu walijua kwamba mahindi ya mvua za kwanza huwa ya kijani iliyokolea kuliko ya waliochelewa. Birch alieleza kwa nini.

Naitrojeni hiyo huishia kuwa naitreti, na naitreti huyeyuka katika maji kama chumvi. Haishikwi na chembe za udongo. Mvua zikiendelea huiteremsha chini, mbali na mizizi. Kwa hiyo zawadi hiyo ina muda wake. Aliyepanda wakati mvua zinaanza, mbegu yake huota na mizizi huenea naitreti ikiwa bado juu. Aliyengoja wiki tatu au nne huwa amewaachia magugu sehemu moja na maji sehemu nyingine, kisha huenda dukani kununua kwa fedha alichokuwa nacho bure.

Hii ndiyo sababu nasema tarehe na naitrojeni ni jambo moja. Kupanda mapema kwetu ni njia ya kutia mbolea. Na neno masika alilotumia mwanafunzi wetu lilikuwa sahihi kwa bahati tu, kwa kuwa Machi na Aprili mvua huanza pia katika sehemu nyingi za kwetu. Kwa msimu wa pili wa mwaka, ambao sehemu kama Kabale huanza karibu na Septemba, tafsiri hiyo ingemwambia mkulima asipande kabisa. Tulipoirekebisha tuliandika "panda ndani ya wiki ya kwanza baada ya mvua kushika", pasipo jina la majira wala la mwezi. Mvua kushika ni usemi ambao kila mkulima anauelewa: si rasharasha moja ya kudanganya, bali mvua iliyolowesha udongo hadi kina cha kiganja.

Kilo 80 za nini?

Kijikaratasi kilipendekeza kilo 80 za naitrojeni kwa hekta. Ni kiasi cha kawaida. Nchini India mapendekezo mengi kwa oti ya malisho huwa kati ya kilo 80 na 120 kwa hekta. Mwanafunzi aliandika "kilo 80 za mbolea kwa ekari". Alipoulizwa, alijibu kwa ukweli kwamba wakulima hawajui naitrojeni ila wanajua mbolea, na hawajui hekta ila wanajua ekari. Nia yake ilikuwa njema, nami katika darasa la tafsiri huwa nasisitiza kumfikiria msomaji. Tatizo ni kwamba alibadilisha maneno bila kubadilisha hesabu.

Kwanza tuone kilo 80 zinatoka wapi. Tuchukue mfano wa shamba linalotoa tani 5 za malisho makavu kwa hekta, yenye protini asilimia 10. Hizo ni kilo 500 za protini. Wataalamu wa malisho hupata protini kwa kuzidisha naitrojeni kwa 6.25, kwa hiyo kilo 500 zikigawanywa kwa 6.25 ni kilo 80 za naitrojeni zinazobebwa kutoka shambani kila mavuno. Udongo huchangia sehemu yake, na mbolea nayo haifyonzwi yote, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba namba haikutoka hewani.

Sasa mfukoni mna nini? Urea ina naitrojeni asilimia 46. CAN inayouzwa sana Afrika Mashariki ina asilimia 26. DAP ina asilimia 18, pamoja na fosforasi nyingi. Mfuko ulioandikwa 17-17-17 una asilimia 17. Zilizobaki ni virutubisho vingine na vitu vya kuvibeba. Basi mkulima anayesoma "kilo 80 za mbolea kwa ekari" akinunua urea atakuwa ameweka kilo 37 hivi za naitrojeni kwa ekari, ambazo ni kama kilo 91 kwa hekta, kwa kuwa hekta moja ni ekari 2.47. Ajabu ni kwamba makosa mawili yamefutana, na shamba lake litapendeza! Jirani yake akinunua CAN ataweka sawa na kilo 51 kwa hekta. Wa tatu akinunua 17-17-17 ataweka kilo 34 tu, na oti yake itakuwa ya manjano kuanzia majani ya chini, kwa sababu mmea wenye njaa hunyang'anya naitrojeni majani ya zamani na kuyapa machanga. Watatu hao wote wametii karatasi moja.

Wako wafasiri ambao wangehifadhi neno naitrojeni lakini wangegeuza hekta kuwa ekari. Hao ni hatari zaidi. Kilo 80 za naitrojeni kwa ekari ni karibu kilo 200 kwa hekta.

Naitrojeni ikizidi

Mmea unaolishwa naitrojeni kupita kiasi hurefuka, hulegea bua na kuwa na kichwa kizito. Ikija mvua yenye upepo, shamba hulala. Oti ni mashuhuri kwa udhaifu huo, kwani aina zake nyingi ni ndefu na zina bua laini. Iliyolala huoza upande wa chini, hukatwa kwa shida na ikiwa ni ya nafaka, punje hubaki nyepesi. Katika Ulaya wakulima wengine hunyunyizia dawa za kufupisha bua. Kwetu njia ya busara ni kutozidisha na kuchagua aina imara.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Oti ni miongoni mwa mimea inayoweza kukusanya naitreti ndani ya bua, hasa ikiwa imepewa mbolea nyingi kisha ikapatwa na ukame au siku za mawingu, ambapo mmea hunyonya naitreti lakini hushindwa kuitengeneza kuwa protini. Tumboni mwa ng'ombe naitreti hugeuka naitraiti, ambayo huingia katika damu na kuizuia kubeba hewa ya oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia kama chokoleti, mnyama huhema kwa shida na anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili, kifo cha mmoja ni karo ya shule ya mwaka. Wafugaji hushauriwa wasikate oti mara tu baada ya kuiwekea mbolea au mara tu mvua inaponyesha baada ya ukame, na wasimlishe ng'ombe mwenye njaa oti peke yake bali waichanganye na majani mengine makavu.

Kukuzia kabla ya mimba

Tumebakiza kosa la nne, ambalo binafsi lilinifedhehesha zaidi kwa kuwa ni la msamiati. Kijikaratasi kilisema nusu ya naitrojeni iwekwe wakati wa kupanda na nusu nyingine mimea inapotoa machipukizi. Mwanafunzi aliandika "inapochanua". Kuchipua na kuchanua vimekaa jirani akilini mwa mtu aliyelelewa mjini. Shambani vimetengana kwa miezi.

Mmea wa oti hufyonza sehemu kubwa ya naitrojeni yake kabla suke halijatoka. Inayokuja baada ya kuchanua yaweza kuongeza protini kidogo katika punje, lakini haiongezi machipukizi wala majani. Mfugaji ambaye angefuata tafsiri ile angeweka mfuko mzima wa urea wiki moja au mbili kabla ya kukata, akalipa fedha, akabaki na mmea mdogo, na juu yake akaongeza hatari ya naitreti niliyoieleza. Sijui kwa nini nilipitisha neno hilo kwa alama ya vyema.

Kuna sababu njema ya kugawa mbolea mara mbili. Mche mchanga una mizizi michache, na naitrojeni yote ikiwekwa siku ya kwanza, mvua kubwa za mwanzo huiosha. Wakulima wa Tanzania wana majina mazuri kwa awamu hizi mbili, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, nami nawasihi walimu wayafundishe hata kwa wanafunzi wa Uganda, Rwanda na Burundi, kwani yanaeleza kazi yenyewe. Urea ya kukuzia isiachwe juu ya udongo mkavu wakati wa jua, maana sehemu yake hugeuka gesi na kupotea; iwekwe udongo ukiwa na unyevu, ifukiwe kidogo kwa jembe wakati wa palizi, au mvua nyepesi ikiwa karibu. Isiguse mbegu wala majani yaliyolowa. Kwa wanaokata zaidi ya mara moja, awamu nyingine hutolewa baada ya mkato wa kwanza, ikiwa tu mvua bado ipo.

Na aliyechelewa kupanda? Wengi hudhani atafidia kwa kuongeza mbolea. Mwenzangu alilikataa wazo hilo kabisa. Mmea uliochelewa una mvua chache mbele yake, hautafikia ukubwa wa kutumia naitrojeni ya ziada, na ile isiyotumika ama huoshwa ama hukaa ndani ya bua kama naitreti. Ushauri wake ni kupunguza mbolea ya kukuzia kadiri siku zilivyopotea, na kama mvua zimekwisha kuyumba, kuiweka ghalani hadi msimu ujao. Mfuko wa urea uliofungwa vizuri na kuwekwa pakavu unaweza kungoja, ila tarehe ya kupanda ikipita haingoji.

Wasio na fedha za mifuko miwili wana njia nyingine. Samadi ya banda, hasa ikihifadhiwa na mkojo wake chini ya kivuli, ina naitrojeni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ikianikwa juani kwa mwezi hubaki makapi. Vilevile katika nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, oti huchanganywa na mmea wa jamii ya mikunde uitwao vechi, ambao huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hupanda juu ya bua la oti kama mtambaazi, na huongeza protini katika malisho. Bua la oti hufanya kazi ya mti wa kuegemea, na huo ni ushirikiano mzuri usiohitaji kununuliwa.

Karatasi iliyokwenda kijijini

Tulikaa watatu, mwanafunzi, mwenzangu na mimi, tukaandika upya. Kuhusu mbolea tulitafuta kiasi ambacho mkulima angeweza kubeba bila mizani. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni, na mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Jumla ni kilo 32 kwa ekari, ambazo ni kilo 79 kwa hekta. Kilo 80 za kijikaratasi zilikuwa zimejificha ndani ya mifuko miwili ya kawaida wakati wote.

Sehemu ile sasa inasomeka hivi: "Panda oti ndani ya wiki ya kwanza baada ya mvua kushika. Kwa kila ekari weka mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 wakati wa kupanda, mbolea isiguse mbegu. Mche ukishakuwa na majani manne na kuanza kutoa machipukizi pembeni, palilia, kisha weka mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 siku ambayo udongo una unyevu. Bua likishavimba na kubeba mimba usiweke tena mbolea. Kata suke likishachanua na kabla punje hazijakauka. Ukichelewa kupanda, punguza urea, usiiongeze."

Badala ya kubishana zaidi kuhusu jina, tulichora suke la oti na suke la shayiri kando kwa kando juu ya ukurasa, na chini ya lile lililotawanyika tukaandika oti. Mwanafunzi alisafiri nayo Ijumaa iliyofuata, nakala 40, akilalamika kwamba alama zake zilikuwa bado ni 78.